Konteneri ya Achille

Kalundu, Uvira

Yaya Achille, kaka yangu mukubwa, bwana mwenye konteneri,

Huku mbuzi za jirani zinamaliza muhogo wetu, sababu yako. Uliandika toka Kinshasa kwamba "umeanza kazi ya konteneri", na Papa akabomoa uzio wa lupango, kiwanja chetu, ili kamyo ya kubeba konteneri ipate kuingia. Weye, musomi mukubwa, ulishindwa kusema ni za ndani ya ordinatere, ile kompyuta?

Nilimueleza Papa: ni kasanduku ka programu, kamefungiwa kila kitu kanachohitaji, kanafanya kazi kwa mashine yoyote, bila kuhitaji tena kitu cha kwao.

Akasema: "Basi kanafanana na Achille."

Mama tulimuzika bila weye. Uzio, Papa anakataa kuuziba. Anasema kamyo haitakuja, lakini muntu anaweza kupita.

Mudogo wako,
Domitille