Plagi ya Jiko la Odilie

Shosti, Odilie kafukuzwa! Miaka kumi na moja anampikia bosi wake, doña Grettel, leo kafukuzwa kwa plagi!

Doña alichoka kungoja gari lake la umeme lichaji polepole kwa volti 110. Akachomoa jiko, akaweka adapta, achajie kwenye soketi ya jiko, ya 220. Odilie akamwambia, "Waya huu wa gari umeandikwa 110 tu, utaungua."

Doña akawageukia wageni waliokuja kunywa kahawa: "Msikilizeni injinia wa darasa la sita!" Wakacheka. Wote, shosti!

Doña akachomeka. Puh! Moshi.

Mumewe, don Gerardo, akaja mbio. "Nani kachomeka?"

Doña akamnyooshea kidole Odilie. Odilie! Na wale wageni wakainamia vikombe vyao vya kahawa.

Doña akasema, "Wakaangie wageni wali na maharage kwanza, ndipo uondoke."

Odilie akaitazama soketi ya jiko, nyeusi tii. Akavua aproni.

"Kapikie kwenye gari, doña."