Mara ya Tatu Hakuuliza

Jumatano, 28 Khordad

Nimechoka. Sina neno lingine la kuanzia. Madirisha yametikisika tena asubuhi, halafu kimya, halafu mbwa. Mama anauliza ni adui kapiga au ni mizinga yetu. Mama, nitajuaje? Mimi msusi tu.

Saluni nimeifunga. Nani atapaka rangi nywele wiki hii? Ingawa Bi Mahlagha kapiga simu kuomba hina – akifa, kasema, asizikwe na mvi. Nilicheka mpaka machozi. Isfahan hii!

Intaneti imekatwa. Mara ya mwisho kaka Kambiz alipiga kutoka California, ambako sasa ni Mmarekani kamili, akasema tutoke mjini. Marekani wakiingia vitani wataanza na vituo vya nyuklia, na kimoja na sisi ni pua na mdomo. Kusema rahisi! Gari hatuna. Mama ana chuma kwenye nyonga. Kushuka ngazi za ghorofa tatu, wali unaiva kabla hajafika chini. Lifti umeme ukikatika haina maana. Milipuko ikianza majirani wanakimbilia stoo ya chini, sisi tunakaa kwenye korido tumeshikana mikono. Kufa siogopi sana. Naogopa atakwama ngazini, na mimi nitakuwa sijui nifanye nini.

Mama mwenyewe anafanya mzaha. “Mwanangu analipa kodi kule, wao wananunua bomu, bomu wananiletea mimi. Si angetuma manukato tu?”

Alhamisi, 29 Khordad

Kwenye taarifa: rais wa Marekani ataamua ndani ya wiki mbili kama wataingia au la. Wiki mbili! Kama fundi bomba.

Jioni kaja Bwana Nosratollah wa mlango wa pili. Yeye na mkewe Eshrat wanakwenda kesho Semirom, kwenye nyumba ya bustani ya matofaha. Mafuta kayapata kwa kupanga foleni tangu alfajiri, macho mekundu. Akakataa kuketi. Akasema kiti cha nyuma kitupu, twende nao.

Moyo wangu uliruka! Nilikuwa jikoni na birika mkononi.

Mama: “Mungu akuweke, mwanangu. Tutawabana bure.”

Yeye: “Hajiya, gari lako, nyumba yako. Twendeni.”

Mama: “Hapana, hapana, sisi hatuna shida hata chembe. Nendeni kwa amani.”

Sasa, kila mtu hapa kanyonya hii taarofu na maziwa ya mama yake. Ukipewa unakataa, ukipewa tena unakataa, mara ya tatu ndipo unakubali kwa shingo upande, kana kwamba umeburutwa. Anayekubali mara ya kwanza hana malezi. Basi tukangoja ya tatu. Simu yake ikalia. Akaitazama, akanitazama mimi. “Farangis, wewe wasemaje?”

Ningesema tunakuja. Neno moja! Nikasema, “Mama akishasema, mimi nani?” Nikamkaribisha chai. Akashukuru, akaenda.

Mlango ulipofungwa tu Mama akasema leta begi la kahawia. Kanisimamia kukunja nguo, dawa zake, Kurani, pakiti ya pulaki, peremende zetu za sukari, kwa ajili ya chai ya huko – mtu haendi kwa watu mikono mitupu. Nikamuuliza, si umekataa? Akaniangalia kama mjinga. “Bado hajaniuliza mimi mara ya tatu. Atauliza asubuhi.”

Ijumaa, 30 Khordad

Wamekwenda.

Niandike tu, labda kifua kitapungua uzito. Tuliamka mapema. Mama kavaa shuka lake la kutokea, kakaa karibu na mlango, begi nyuma ya mlango ili lisionekane. Tunasikia wanavyoshusha vitu, godoro linagonga ukuta, Eshrat anamfokea mumewe kuhusu chupa ya chai. Kisha kengele. Mama akanyanyuka peke yake, bila msaada! Miezi sijaona hivyo.

Alikuwa Eshrat, na ufunguo mkononi. Kwa kuwa tunabaki, kasema, je, tungeweza kumwagilia maua yake kila jioni? Akamtazama Mama. “Mnatoka, Hajiya?”

“Aa, wapi! Nimesimama tu kunyoosha mguu.” Akaupokea ufunguo. Akamwombea safari njema, akamnyunyizia maji nyuma yake ili warudi salama. Tena anatabasamu! Mimi nimesimama kando na begi linagusa kisigino changu.

Nimemkasirikia Mama. Nimemkasirikia Nosratollah – mtu gani anauliza mara mbili tu? Halafu nikakumbuka yale macho yake. Labda alishachoka hata kuuliza. Wote tumechoka, ndiyo maana adabu zimeanza kukatika njiani kama umeme.

Jumamosi, 31 Khordad

Siku nzima kwenye simu. Madereva wa teksi hawapokei, au wamekwisha ondoka na familia zao. Mmoja kapokea. Kasema mama mzee mwenye nyonga mbovu anahitaji kusimama njiani kila mara, na yeye kusimama barabarani siku hizi hapendi. Angalau huyo alisema kweli!

Tumegombana. Nilimwambia Mama adabu yake itatuua. Akatazama zulia: “Ningekubali mara ya kwanza angefikiri naogopa.”

“Kwani huogopi?”

“Naogopa sana, Farangis. Usiku najifanya nimelala ili wewe ulale.”

Na mimi najifanya ili yeye alale. Sikumwambia. Nilimpaka mafuta mguuni. Naona aibu kwa nilivyompigia kelele.

Jumapili, 1 Tir

Wameingia. Marekani. Hata wiki mbili zenyewe hawakungoja. Wamepiga vituo vitatu, chetu kimo. Jengo liliyumba, plasta ya dari imemwagika kwenye korido tulipokuwa tumekaa. Mama ana vumbi kwenye nyusi, hajakubali nimfute. Redio inasema tusiwe na wasiwasi. Haya.

Saa nne simu ya mezani ikalia. Nosratollah, kutoka Semirom. Mama akawahi.

“Sisi? Salama salimini! Wala hatukusikia kitu.” Anasema huku kakanyaga plasta! “Uje kutuchukua? Usithubutu, mwanangu, njia ni mbaya, usijisumbue kabisa…”

Nikampokonya simu. Sijawahi kumfanyia mama yangu hivyo.

“Bwana Nosratollah, tunaogopa. Hatuna gari. Njoo utuchukue leo, tafadhali.”

Nikasikia Eshrat anasema kitu kwa nyuma, sauti ya chini, na yeye kaziba simu kwa kiganja. Nilijisikia uchi mbele ya watu. Kisha akarudi: “Juu ya macho yangu, Farangis. Natoka sasa hivi.” Simu ikakatika, au akaikata.

Mama akairudisha simu mahali pake. Kisha, taratibu, “Umetuvua nguo.” Lakini akainuka, akaomba viatu. Nikamvisha. Tumelitoa begi mpaka kwenye ngazi, safari hii waziwazi, na tumekaa kwenye viti viwili vya jikoni mlango ukiwa wazi. Semirom si mbali. Mchana umefika. Swala ya adhuhuri kaswali amekaa, na viatu kando.

Tatizo ni hayo maneno. Juu ya macho yangu! Mwoka mikate huniambia hivyo nikimwomba aniwekee mkate wa moto, na hauwekwi. Mimi mwenyewe huwaambia wateja ninapotaka tu wakate simu. Nimeisikiliza sauti yake kichwani tangu asubuhi na sijui. Miaka hamsini katika mji huu na siwezi kutofautisha ndiyo na ndiyo.

Simu ya huko haipokelewi. Ama yuko njiani, ama hawapokei.

Sasa hivi Mama kauliza, bila kunitazama: “Alisema mara ngapi?”

“Mara moja.”

Akatikisa kichwa. Akaanza kuinama kuvua viatu. Nimemshika mkono, nimemwambia asivivue. Kuna gari limesimama chini, injini haijazimwa. Mama anasema ni gari la kuzoa taka. Nakwenda dirishani