Magoti Yangu Yamepona na Nyumbani Hawajui

Mshauri wetu mpendwa,

Shikamoo kama umenizidi umri, na kama mimi ndiye niliyekuzidi basi marahaba, tusicheleweshane. Mimi ni mama wa watoto watatu, wote wanajitegemea, na huyu ninayekaa kwake, kifungua mimba wangu, ni fundi wa lifti, tena si fundi wa kubahatisha, ni yule anayeitwa na majengo makubwa watu wakikwama ndani na kuanza kulia, akifika yeye wanatoka wakimshika mkono, na mke wake, yaani mkamwana wangu, anafanya kazi duka la miwani, anapima macho na kukata vioo, na nikikwambia nimepata mkamwana usidhani nasema kama wanavyosema wengine ili wasikike, mimi nimepata. Shule sikwenda mbali, kwa hiyo mwandiko uuvumilie, lakini akili ninayo, na jambo lenyewe ndilo hili.

Mwaka jana niliteleza bafuni nikaumiza magoti yote mawili, na hapo sikumdanganya mtu, yalivimba yakawa kama maboga, nikapewa mkongojo, na mkamwana wangu akanibeba kama yai. Kila jioni akitoka kazini, hata kijasho hakijamkauka, ananikanda magoti kwa dawa ya chupa, ananiwekea mto chini ya miguu, kisha ananawa mikono na kunisomea gazeti, na safu yako ndiyo tunayoanza nayo, tunawacheka wenye shida zao, utusamehe. Tunakaa ghorofa ya tatu na lifti jengo letu halina, mwanangu anatengeneza za wenzake, basi nikitaka kushuka mkamwana wangu ananishika kiwiko na kunihesabia ngazi, "Moja, mama. Mbili, mama. Taratibu, hatukimbizwi." Mwanangu naye akanifungia bomba la kushikilia kule bafuni. Sasa mshauri, mimi nimelea watoto watatu bila mtu hata kuniuliza mgongo unaendeleaje, halafu leo nanyanyuliwa mguu kuwekewa mto! Magoti yakapona polepole, nikasema nitawaambia wiki ijayo, na wiki ijayo ikifika nasema ile nyingine.

Ningeendelea hivyo bila kumdhuru mtu kama si ule uwanja wa michezo ya ndani. Zamani lilikuwa ghala la magodoro, sasa wameweka madaraja ya kamba juu karibu na bati, ukuta wa kupanda wenye vijiwe vya rangi, bwawa la mipira ya watoto, na ziplaini, yaani waya mnene unaotoka ukuta huu mpaka ule, unavalishwa mikanda kiunoni na mapajani, unaning'inizwa, unaachiwa. Shule ya mjukuu wangu iliwapeleka watoto, wakataka na watu wazima wa kuwasindikiza, nikaenda mimi na mkongojo wangu, nikakaa benchi. Mjukuu wangu, binti wa hawa ninaokaa kwao, wa miaka minane, akapanda mpaka juu kabisa, kisha akaganda, analia "Bibi! Bibi!", wenzake nyuma wanamwambia "Ruka au toka!", na dada wa mikanda anambembeleza wala hasikii. Mshauri, nilijikuta niko juu. Mkongojo niliuacha wapi sijui. Nikamfuta kamasi, akanitazama, akasema, "Anza wewe, bibi, nikuone." Wakanivalisha mikanda, nikafumba macho, nikajiachia. Kelele ya kwanza niliyopiga ilikuwa ya woga, nakiri, lakini iliyofuata ilikuwa ya mwanamke mwenye raha zake. Mjukuu akanifuata, na njiani kurudi nikamwomba nyumbani asiseme.

Tangu hapo kila Jumatano asubuhi, watoto wakiwa shule na uwanja uko mweupe, naenda. Nyumbani nasema asubuhi hizo nafanya mazoezi ya magoti, na si uongo mtupu, kwa kuwa magoti yapo na mazoezi yapo. Wote wakishaondoka nashuka zile ngazi mbili mbili. Kule ndani hawakuruhusu kupanda bila soksi zao zenye vidoti vya mpira chini ili usiteleze, nazifua mwenyewe na kuzianika kwenye lile bomba la mwanangu bafuni, na siku moja mkamwana wangu akaziona, nikasema moyoni leo nimepatikana, kumbe yeye akasema, "Mama, kumbe miguu inapata baridi na huniambii," akaninunulia jozi mbili zaidi za aina hiyo hiyo. Ndizo ninazorukia.

Sasa nisikilize vizuri. Pale pana ubao. Wanaandika aliyemaliza mzunguko wote upesi kuliko watu wa rika lake, madaraja, ukuta, mpaka ule waya wa mwisho, na kwa wanawake tuliopita hamsini anayeongoza anaitwa Bibi Radi, na tangu apande pale juu hakuna aliyemshusha. Bibi Radi ni mimi! Jina walinipa wao, sikujipa. Mimi ambaye mwanangu akitengeneza lifti majirani wote wanajua kabla hajatua mfuko wa vifaa, nina jambo kama hili kifuani na siwezi kumwambia hata wa mlango wa pili. Nimekonda, mshauri. Watu wanadhani ni magoti.

Na kuna mtu anayenimaliza kabisa, ni mkwe mwenzangu, mama mzazi wa mkamwana wangu, mwalimu mstaafu, akiongea utadhani anasoma taarifa ya habari. Alikwenda pale mara moja, akapanda ukuta mpaka kijiwe cha nne, nimekwenda kukitazama mwenyewe, mtoto wa chekechea anakifikia, akapigwa picha, na hiyo picha ameizungusha kwa kila mwenye macho. Jumapili alikuja kwetu, akatoa simu mbele ya wageni, "Mwili ni kuutunza, jamani, mimi uzee siujui," kisha akanigeukia kwa huruma, "Pole mkwe wangu. Siku ya sherehe tutakutafutia kiti kizuri, utuangalizie mikoba." Nilibugia kikombe kizima cha chai ya moto ili mdomo wangu upate kazi.

Sherehe yenyewe ni ya mjukuu wangu kutimiza miaka tisa, ni Jumamosi hii inayokuja, na mahali amechagua mwenyewe, hapo hapo uwanjani. Alinifuata jikoni akaninong'oneza, "Bibi, Jumamosi utaruka, au bado tunawaficha?"

Hayo yote ningeyabeba. Lakini juzi nilisikia maneno kupitia ukutani. Mwenye duka la miwani anafungua duka la pili, ng'ambo ya mji, na amemwambia mkamwana wangu akawe msimamizi wake, Jumatatu anatakiwa atoe jibu. Nikamsikia akimwambia mwanangu, "Nitakataa. Kule nitakuwa narudi giza limeingia. Mama nani atamshusha? Magoti nani atayakanda?" Mwanangu akasema, "Lakini hiyo nafasi umeililia siku zote." Akajibu, "Basi, yaishe. Mama ni mama." Mshauri, ule mto wa miguu niliupiga teke ukaenda mpaka mlangoni, na tangu siku hiyo silali.

Kwa hiyo nimeamua kupona. Ninachoomba kwako ni jinsi ya kupona. Nikipona ghafla watashtuka, nikipona polepole Jumatatu itanikuta bado nachechemea na kazi imekwenda. Niseme nimeombewa? Au wewe uandike kwenye safu yako kwamba imetoka dawa mpya ya magoti, inafanya kazi kwa siku mbili, yeye anakuamini kuliko daktari, nami nitanunua chupa yoyote nibandue karatasi. Nisaidie, asikose kazi yake na mimi nisikose heshima yangu.

Ni mimi,
Mama wa Fundi, Ghorofa ya Tatu

MSHAURI ANAJIBU

Mama wa Fundi,

Shikamoo, maana kwa hesabu zangu umenizidi, na ninayokwenda kukwambia yanahitaji shikamoo mbele. Barua yako tumeisoma hapa ofisini mara mbili, ya pili kwa sauti, na mhariri ameuliza uwanja huo uko wapi. Pole kwa kuanguka. Hongera kwa ubao. Haya, kubembelezana kumekwisha.

Dawa ya siku mbili haipo na siiandiki. Unaniomba nimdanganye kwa maandishi mtu ambaye wewe unamdanganya kwa mdomo, tugawane kazi. Sitaki. Wala usisingizie maombi, usimtie Mungu katika mambo ya soksi.

Najua ulivyofika hapo. Miaka yote ulikuwa wewe unayeinama, siku moja mtu akainama kwa ajili yako, ukaona utamu wake. Nani angekulaumu kwa wiki ya kwanza? Hata ya pili ningekufichia. Lakini mama, mwanamke anayeona soksi bafuni akakimbia kukununulia nyingine, huyo hakuhitaji magoti mabovu ili akupende. Ungemwambia, "Mwanangu, nikande miguu, naburudika," angekukanda. Umemwibia kwa werevu kitu ambacho angekupa bure, na sasa bei yake analipa yeye. Na yule mtoto, neno la kuficha amelitoa wapi? Kwa bibi yake anayempenda kuliko watu wote.

Unasema asikose kazi na wewe usikose heshima. Kazi ina siku yake, ni Jumatatu. Heshima utaitafuta baadaye, na kwa mbio ulizo nazo utaipata.

Nilifikiria kuficha mambo mawili matatu katika barua yako ili usitambulike. Nikaondoa fundi wa lifti, nikaondoa duka la miwani, ngazi, bomba, mwalimu mstaafu, nikabaki na salamu. Nimeyarudisha yote. Gazeti hili linafika vibandani Ijumaa asubuhi, wewe najua utakuwa umeshalivizia na kulinunua, na mkamwana wako analileta jioni. Usipofanya ninalokwambia, leo hii baada ya kukukanda atanawa mikono, atakaa karibu yako, na kukusomea barua yako mwenyewe.

Kwa hiyo una mchana mmoja, utumie. Acha mkongojo nyumbani. Shuka ngazi peke yako, nenda mpaka duka la miwani, ingia kwa miguu yako akuone unavyotembea. Hapo nusu ya maneno utakuwa umeshayasema. Mwombe mtoke nje kidogo, kisha useme hivi na usiongeze chumvi: "Magoti yangu yalipona zamani. Nilikudanganya. Nisamehe, na Jumatatu ukubali ile kazi." Bibi Radi usimtaje mpaka aulize mwenyewe. Nakujua, utataka kuanza naye.

Kisha mpe kitu cha kushika. Mwambie kuanzia kazi mpya ikianza, mjukuu unamtoa shule wewe, chakula cha jioni unapika wewe, na akirudi giza limeingia atakuta maji ya moto ya kuoga. Uyafanye kweli, hata Jumatano. Uwanja hauhami. Mwanao mtamwambia wote wawili jioni, na ukimkuta anacheka usidhani umesamehewa, huyo ni wako wa kuzaa, anacheka upesi. Mjukuu mwite pembeni umwambie siri imekwisha na kwamba kosa lilikuwa lako, yeye hana lake.

Jumamosi ni siku ya mtoto. Mkwe mwenzako mwache apande mpaka kijiwe chake cha nne, umpigie makofi ya nguvu, na mikoba uishike kweli. Mtoto akikuita, panda. Asipokuita, kaa.

Sasa vaa viatu. Huenda mkamwana wako akalia. Huenda akakukaripia pale nje ya duka watu wakipita. Mwache amalize, usimkatize, usimkumbushe umri wako, na tafadhali sana, mama, usishike goti.