Dume Lililoingia Uani

Jumatatu, 14 Julai

Nimefagia baraza. Nimefuta meza ya Marehemu. Nimemfukuza mtu aliyetaka kutandaza viatu vya mtumba mlangoni. Bila mimi nyumba hii ya marehemu mwandishi, sasa makumbusho, ingeshakuwa ghorofa la kuuzia mabegi kama majirani zake wote. Kariakoo nzima inajua. Serikali nayo inajua, basi tu haijapata nafasi ya kunishukuru.

Wageni wa leo walitoka Moshi. Nikawapa lile la dume la ng'ombe. Lilikata kamba likipelekwa kuchinjwa, likaingia humu uani, nikalikamata pembe nikalilaza chini. Shujaa wa kitabu kikubwa cha Marehemu ndiye mimi, enzi hizo kijana mpangaji wa chumba cha nyuma. Leo dume nimelipa ukubwa wa lori. Mama mmoja alinishika mkono aone misuli.

Mpwa wangu Zuhura, msimamizi wa nyumba, kasema Jumamosi anakuja mwandishi kijana kukizungumzia kitabu hicho mbele ya watu. Nami nitasimama niseme la dume. Wafadhili watakuwepo. Wanataka kuleta kijana wa chuo aongoze wageni badala yangu. "Mjomba, Jumamosi ndiyo itaamua." Iamue. Mimi ni chuo chenyewe.

Jumatano, 16 Julai

Zuhura kaja anacheka. Kamwalika mjane wa Marehemu, Bi Kabula. Alirudi kwao Tabora baada ya mazishi. "Utafurahi, Mjomba."

Sijafurahi. Siku ile ya dume Bi Kabula alikuwepo.

Tena ni mtani wangu. Yeye Mnyamwezi, mimi Mzaramo. Mtani akikusema mbele za watu huna ruhusa ya kununa. Ukinuna, aibu yako.

Chai imenishinda.

Alhamisi, 17 Julai

Wanafunzi wa sekondari. Ulimi mzito. Leo dume limekuwa ndama. Mmoja akauliza, "Sasa babu, hilo si ungelisukuma tu?" Babu! Nimewaonyesha kalamu za Marehemu, nikawatoa.

Nimetembea mpaka mtaa wa Gerezani bila shughuli. Nimesimama kwa mafundi wanaochomelea mageti, nikatazama cheche mpaka macho yakauma. Nimewaza kuugua. Malaria. Lakini nikiugua, kijana wa chuo ataingia kabla sijapona. Nimerudi. Nimefagia tena baraza lililokuwa safi.

Ijumaa, 18 Julai

Bi Kabula kafika. Kazeeka, mdomo ule ule.

"Ee mtumwa wangu! Hujafa tu?"

"Nife mimi, nani akuzike, Mnyamwezi wewe?"

Tukacheka. Mimi kwa meno tu.

Kisha kaenda uani peke yake. Kasimama mbele ya choo cha zamani, mlango ule ule wa bati. Katazama. Kacheka mpaka kashika ukuta. Nimeona mwenyewe dirishani. Usingizi wa leo nitausikia kwa watu.

Jumamosi, 19 Julai

Uani pamejaa. Viti vimeisha, watu wamekalia ndoo. Mwandishi kijana kasoma ukurasa wa dume, sauti tamu. Nikaitwa. Nikaanza, "Basi nikalishika pembe..."

Bi Kabula kanyanyuka. "Muongo! Huyu alijifungia chooni! Dume nililitoa mimi, kwa ndoo ya pumba. Mume wangu kwenda kuandika, akaniotesha ndevu kitabuni!"

Nikaiona kazi yangu inatoka mlangoni.

Mzee mmoja huko nyuma akapaza sauti, "Utani huo! Mzaramo, mjibu mtani wako!" Kicheko kikaangusha watu. Bi Kabula akiapa, "Haki ya Mungu, chooni!" ndiyo kwanza wanazidi. Mwandishi kijana kafuta machozi, kanipa mkono, kasema shujaa wa kweli ndiye anayevumilia kutaniwa. Wafadhili wamemwambia Zuhura nibaki.

Ningeweza kusema, jamani, kweli. Sikusema. Bi Kabula alikaa, akawa anakunja na kukunjua ncha ya khanga yake. Hakucheka tena.

Nimeshinda. Mbona situlii?

Jumapili, 20 Julai

Nimemsindikiza Bi Kabula kwenye basi. Mizigo nimebeba mimi. Njia nzima hakunitania. Hilo ndilo limeniuma. Dirishani kasema tu, "Waambie ilikuwa pumba ya mahindi."

Mchana wamekuja wageni, mtu na mkewe. Nikawaambia dume lilitolewa na mama mwenye nyumba, kwa ndoo ya pumba. Ya mahindi. Mke akauliza wewe ulikuwa wapi. Nikasema nilikuwa karibu.

Nilikuwa karibu kweli. Dume lilisimama nje ya choo, likagonga bati kwa pembe. Mimi ndani, nimeng'ang'ania komeo kwa mikono yote miwili, nikaliitikia:

"Kuna mtu."