Jina la Mtoto wa Evaline

Kasansa, 11 Machi 2024

Mwanangu Evaline,

Nisamehe kwa kimya hiki. Dereva wa basi aliniletea barua yako wiki iliyopita. Simu hapa hushika mlimani tu, na haya si mambo ya kupigia kelele mlimani. Sisi hatujambo, ila goti la mama yako. Wewe unakula?

Nimeelewa kwamba mtoto alivimba tumbo akatapika kijani, na mama mkwe wako, akidhani ni mchango, ule ugonjwa wa tumbo wa watoto wachanga, akampa dawa ya mizizi. Usimlaumu, hata hapa tungedhani hivyo. Nimeelewa pia kwamba utumbo ulikuwa umetoboka, na madaktari wamempasua.

Unaomba jina, kwani kwetu hulitoa babu mzaa mama, ili abatizwe wodini. Siwezi kukupa. Katika ukoo wetu mtoto hapewi jina kabla kitovu hakijakatika. Mwambie muuguzi asubiri.

Baba yako,
Apolinari

Majengo, Mpanda, 14 Machi 2024

Shikamoo Baba,

Mpe Mama pole ya goti. Mimi nakula kidogo.

Barua yako imenikuta nyumbani. Mtoto alifariki juzi. Jeannine, muuguzi kutoka Katumba, alikuwa ameshika kikombe cha maji ya kumbatizia. Akaniambia, “Dada, sema jina lolote, hata la mtangazaji wa redio!” Nilicheka, Baba. Nikamwambia baba yangu hakosi kujibu barua, tusubiri. Maji yakabaki kikombeni.

Kitovu kilikuwa bado. Kwa hiyo akina mama walimzika nyuma ya nyumba, bila msalaba, nami nikakatazwa kulia kwa sauti.

Alikuwa na masikio yako. Naomba jina tena, Baba.

Mwanao,
Evaline

Kasansa, 3 Aprili 2024

Mwanangu Evaline,

Pole, mwanangu. Mama yako alipofika kwenye habari ya masikio alilia kwa sauti, majirani wakaja. Sikumkataza.

Nimewaita wazee wa ukoo Jumapili baada ya misa. Nataka mtoto apewe jina na msalaba. Mdogo wangu Amedeus ameshaniambia, “Kaka, jambo hili halijapata kutokea.” Ni maneno yangu mwenyewe, mimi ndiye niliyemfundisha. Kuamua peke yangu sina ruhusa, na sitakudanganya kwamba watakubali.

Fundi amekwisha kuchonga msalaba. Upo hapa chumbani, haujaandikwa kitu. Tukishaamua, nitakuandikia siku hiyo hiyo.

Baba yako,
Apolinari