Ada ya Mtani

Pumwani, Nairobi
11 Septemba 1976

Mtumwa wangu Kamili,

Salaam aleikum, na kwa kuwa wewe ni mtu wa misheni, Tumsifu Yesu Kristo pia, usije ukasema Akida kakunyima. Mimi nala, nalala, sina hata mafua. Wasiwasi wangu ni juu yako, kwani anayepanga kuja Nairobi peke yake na dhahabu ni mzima wa mwili tu, kichwani hoi. Mama hajambo? Mfikishie shikamoo yangu. Na tumbaku ya Ushirombo imekauka vizuri mwaka huu?

Barua yako nimeipata. Unasema umechimba tena huko Geita mwaka mzima, umejaza dhahabu kichupa kingine cha penisilini, na mwezi ujao unakuja kuuza mwenyewe kwa sababu hutaki tena kutuma mtu. Unaniomba, kwa vile tulikaa dawati moja Shinyanga, nikufundishe kukaa salama katika mji wa watu, kisha nikupokee stendi. Haya, sikiliza, ingawa ninyi Wasumbwa masikio yenu ni ya kuzuia kofia isianguke tu.

Ukishuka kwenye basi usisimame kuhesabu ghorofa. Wenye kazi yao hutazama shingo. Shingo ikielekea juu, huyo mgeni. Ukiuziwa redio ndani ya boksi, jua ni tofali lililofungwa gazeti. Akija mtu wa suti akasema yeye ni askari kanzu, anataka kukagua mzigo, mwambie mwende wote kituoni. Utaona atakavyokumbuka shughuli nyingine. Bahasha ikidondoka mbele yako, na mtu akataka mgawane kilichomo, pita kama hukuona. Lakini hayo yote ni ya kitoto.

Wa kumwogopa ni anayekuchekesha. Mtu wa bara anafundishwa kwao kumwogopa mwizi mwenye kisu. Hakuna anayemfundisha kumwogopa mtani. Yupo mtu hapa stendi, Mzaramo, kazi yake kusikiliza wageni wanavyoongea. Akisikia salamu yenu ya mwadila, au lafudhi yenu ile, anawarukia kwa matusi ya utani, anawauliza watumwa wake wametoroka lini na nani kawapa ruhusa ya kuja mjini. Mtu wenu anaangua kicheko, maana safari nzima hakusikia neno la nyumbani. Mtani anamvua kofia, anaivaa. Kicheko. Anamnyang'anya mfuko, anasema huo ndio ushuru wake. Kicheko tena, kwani nani anamkasirikia mtani? Anavuka barabara na mfuko, na mwenye mali bado kasimama anafuta machozi ya kucheka, anangoja mchezo uishe. Anangoja mpaka basi lililomleta linageuza na kuondoka.

Ndivyo alivyoibiwa baba yako, mzee Apolinari, ulipomtuma na kichupa cha kwanza. Wewe mwenyewe uliniandikia kwamba alirudi mikono mitupu na kichwa wazi, anasema mtani kamchukulia mfuko, nawe ukamuuliza ni mtu mzima gani anaibiwa huku anacheka. Na alipomtaja huyo mtani kwa jina ukamtupia mkeka wake nje, maana jina alilolitaja ni langu. Akahamia kwenye banda la tumbaku, kikohozi kikamshika msimu wa mvua, akafa bila kubadili maneno. Mama yako hataki atajwe, anaamini dhahabu iliishia kwa wanawake wa River Road. Msalaba hukumwekea. Na katika barua hii unaniomba radhi mara ya tatu, eti mzee alinichafulia jina.

Kamili, uliponiandikia wakati ule kuuliza kama mzee alifika kwangu, nilijibu neno moja, sikumwona, nikabandika stempu. Nilimwona. Alishuka ameshika barua yako mkononi, anauliza watu wamwonyeshe Akida wa Shinyanga, mtani wa mwanawe. Nikamwambia ndiye mimi. Wengine wote huwa nawadanganya, kwake sikuhitaji. Alicheka kabla sijamgusa, na nilipovuta mfuko aliuachia mwenyewe. Nilipofika ng'ambo niligeuka: alikuwa anacheka bado, ananipungia mkono. Ndani mlikuwa na michembe ya mama yako, vile viazi vyake vya kukausha, imefungwa na karatasi yenye jina langu, na kichupa katikati. Kichupa nilikiuza. Michembe niliila yote, tena tamu. Kofia nimeivaa hapa ninapoandika. Na usinitafutie sababu ya njaa, sikuwa na njaa. Ilikuwa rahisi, basi.

Ningeweza kunyamaza, nikupokee mwezi ujao, nawe ungecheka vilevile. Ila unajua desturi zetu. Mtu akifa, mtani ndiye anayesimama msibani akasema ya marehemu bila kuwaogopa wafiwa. Kwa mzee hakusimama mtu. Basi nimesimama mimi, japo nimechelewa: mzee Apolinari hakulewa, hakuhonga, hakusema uongo. Mimi nilimchukulia mfuko. Nyumba, mke na jina alinyang'anywa na wewe, wala hukumchekesha kwanza.

Mwekee msalaba. Kuja, njoo au usije, shauri yako, stendi wananijua. Mama msomee barua hii yote, usiruke pale pa michembe, na umwambie mumewe alirudi kwake akiwa mkweli.

Najua mtani akimaliza kazi ya msiba hudai ada yake. Usihangaike kunitumia kitu. Nilishajilipa.

Wasalimie wote hapo nyumbani, mpaka walioko kaburini.

Ni mimi mtani wako,
Akida