Jumamosi za Springi

Mtaa wa Mchikichi,
Kariakoo,
Dar es Salaam.
Jumapili, 15 Novemba 1981

Mpendwa Dada Paskalina,

Shikamoo dada yangu. Nimekaa kizingitini, karatasi nimeiweka juu ya sinia mapajani, na jambo la kwanza ninalotaka kujua ni hali yako. Kile kikohozi cha vumbi la chaki kimekuacha? Darasa lako la nne bado ni watoto themanini, au mwalimu mkuu amekupa mwenzio wa kusaidiana? Baba na Mama hawajambo kijijini? Mimi sijambo kabisa. Nimenenepa mpaka gauni ulilonishonea halifungi tena vifungo vya juu.

Dada, ndoa ni tamu. Miezi saba sasa, na bado nikisikia kengele ya baiskeli ya Elisaria pale konani nasahau nilichokuwa nakifanya. Juzi niliunguza maharage namna hiyo, naye akayala yote, akasema yananukia moshi wa kwao mlimani. Asubuhi ni yeye anayewasha jiko la mkaa. Bi Zamzam, mwenye nyumba wetu, akimwona anapepea jiko kwa kipande cha boksi humwuliza kwa sauti, ua mzima usikie, kama ameoa au ameajiriwa. Elisaria humjibu kwamba ameajiriwa na anamwomba Mungu asije akapunguzwa kazini. Wapangaji wanacheka, mimi najifunika khanga usoni. Sikujua mtu anaweza kupendwa hivi mbele za watu.

Najua si vizuri kukusimulia haya wewe, baada ya ile barua ya mwezi wa nane. Sijathubutu kukuuliza kuhusu Anaeli. Najua tu ulichoniandikia, kwamba shangazi yake, Mama Candida, alileta maneno matatu, posa isimame hapo, na kwamba Anaeli mwenyewe alihamishwa kwenda ofisi ya kilimo ya wilaya nyingine bila kukuaga. Uliniuliza kama mimi niliye hapa Kariakoo, hatua mia mbili kutoka duka la vitenge la huyo mama, nimesikia sababu yoyote. Nilikujibu kwamba sijasikia. Nisubiri kidogo, dada. Nitalifikia hilo. Kwanza nikueleze kazi ya Elisaria, maana bila kazi hiyo hutanielewa.

Unajua mchana ni karani wa duka la ushirika, lakini moyo wake uko kwenye kikundi cha maigizo. Kila Jumamosi saa kumi alasiri wanacheza katika ukumbi wa mtaa wa pili, na watu wanaanza kupanga foleni tangu saa nane, wachukuzi wa sokoni wakiwa na mikokoteni yao, akina mama na vikapu, kana kwamba kuna sukari inagawiwa. Wanachocheza ni ile hadithi ya picha ya gazeti la *Tafrija*, ambayo najua hata walimu wenzako wanagombania: *Chande wa Lori*, dereva anayezunguka nchi nzima akimtafuta mkewe aliyepotea stesheni. Mchoraji wake, Ndugu Aristides, aliwapa ruhusa waiigize, mradi wasiiharibu.

Tatizo ni hili. Gazeti linatoka mara moja kwa mwezi, na Aristides anachora kurasa nne tu. Kurasa nne kikundi kinazimaliza kwa Jumamosi moja. Zinabaki Jumamosi tatu ambazo watu wamekwisha kupanga foleni na hadithi haipo. Basi Elisaria hulazimika kubuni ya kujazia. Njia waliyoizoea ni kuvunja springi. Lori la Chande linavunjika springi mahali fulani, anakwama, anakutana na mganga mwongo, au mpima mizani mlevi, au mabinti wawili wanaomgombania, watu wanacheka, springi inatengenezwa, anaondoka. Kikundini wanaziita Jumamosi za springi. Na zina sharti moja: lori lisisogee hata maili moja. Chande asiupate ukweli wowote kuhusu mkewe, asife mtu, asiolewe mtu, asipate hata kovu. Gazeti jipya likitoka, kila kitu kikutwe pale pale Aristides alipokiacha. Watazamaji wanajua. Wakiona tu Kitwana, anayeigiza Chande, ameshuka kukagua gurudumu, wanapiga kelele, "Springi hiyo! Mzee, leo tena?" Naye huwajibu kwamba wasimlaumu dereva, walaumu barabara.

Mwezi wa sita karatasi ziliadimika, gazeti halikutoka. Wala mwezi wa saba. Elisaria alikuwa anarudi dukani amechoka, anakaa mbele ya daftari tupu, chai inapoa. Jumamosi moja walicheza mganga yule yule mara ya pili wakazomewa. Kitwana alirushiwa ganda la chungwa. Elisaria hakula siku mbili. Dada, nilishindwa kumtazama. Nilichukua daftari akiwa kazini nikaandika mchezo mzima kwa kukaa mara moja, nikamwambia nimebuni mwenyewe. Alipousoma alinibeba akanizungusha uani mpaka Bi Zamzam akapiga kelele kwamba nitaangushwa kisimani.

Mchezo ule ulijaza ukumbi mpaka watu wakasimama madirishani. Waliuomba tena Jumamosi iliyofuata, na iliyofuata. Wauza karanga nje ya ukumbi walijua maneno yake kwa moyo. Wakati huo nilikuwa na furaha kuliko siku ya harusi. Sasa nakuambia ulikuwa mchezo gani, na ukitaka kuikunja barua hii hapa na kuitia jikoni, una haki.

Lori limevunjika springi. Anatokea mwanamke barabarani, anatembea kwa miguu, kichwani ana sufuria kubwa na hana mzigo mwingine. Chande ana njaa, anamwomba chakula. Anafunua sufuria, tupu. Chande anamwuliza ni mke wa nani. Anajibu, "Nilikuwa wa mtu kwa siku tisa. Siku ya kumi nimejichukua." Mkono wake wa kushoto una kovu la moto kutoka kiwiko hadi kifundo.

Ni wewe, dada. Ulinisimulia jioni ile ya kuamkia harusi yangu, ukinisuka nywele chumbani kwa Bi Zamzam. Kabla ya hapo nilijua tu kile walichojua wote nyumbani, kwamba uliolewa ukiwa na miaka kumi na minane, ukarudi kwa miguu, Baba akarudisha mahari, na tulipohamia kijiji kipya jambo hilo halikutajwa tena. Wewe ndiye uliyenieleza kwamba yule mwanamume alikumwagia maji yaliyokuwa yanachemka kwa sababu ugali ulichelewa, na kwamba ulipoondoka hukuchukua nguo wala khanga, ulichukua ile sufuria, ili asiwe nayo tena ya kuchemshia. Ulilia kidogo, ukasema unanipa habari hiyo iwe zawadi yangu ya harusi, nisije nikavumilia yasiyovumilika. Mume wangu hajawahi hata kuninyanyulia sauti. Sikuwa na haja ya zawadi ile, nikaitumia kwingine.

Na sijamaliza. Ningeuandika ulivyoniambia, labda leo ningeweza kukutazama usoni. Lakini maji ya moto hayachekeshi, na Jumamosi watu wanataka kucheka. Kwa hiyo nilibadilisha. Katika mchezo wangu mume ni mpole, mnyonge, amevaa kaptura inayomvuka. Mwanamke ndiye mchoyo. Anamwibia sufuria ikiwa bado motoni, anajiunguza mwenyewe, anakimbia nayo, mume anamfuata nyuma akilia, "Nirudishie hata mfuniko!" Ukumbi ulikuwa unaanguka kwa kicheko. Sitara, anayemwigiza mwanamke yule, alikuwa anainua mkono uliopakwa rangi akiwaonyesha watu, nao wanaitikia kwa pamoja, "Ukome!" Nilimwondolea mwanamume kosa lake nikakuvisha wewe, na nilikuwa nimekaa benchi la nyuma, nacheka na wenzangu.

Nilijifariji kwamba ni springi tu. Kitu kinachochezwa siku ya springi hakiandikwi popote, wiki ijayo kimesahaulika. Ndivyo nilivyojiambia.

Mama Candida alikuja kuangalia mara ya tatu ulipochezwa. Siku ulipopelekwa kwake kutambulishwa, wiki ya harusi yangu, alikuuliza kovu lile ni la nini, ukamwambia uliangukia uji ukiwa mtoto. Kumbe hakusahau. Siku chache baadaye alinikuta kwenye foleni ya sabuni, akanivuta pembeni, akaniambia, "Hyasinta, mwanangu, mimi si mtu wa maneno mengi. Mwanamke yule wa sufuria mmemtoa wapi?" Nikamwambia ni mchezo tu, shangazi. Akaniuliza tena, polepole, kama dada yangu amewahi kukaa kwa mwanamume kabla ya Anaeli, na kama kovu ni la uji au si la uji.

Nilikuwa na majibu mawili. Ningesema hapana, nikashikilia uongo wako hadi mwisho. Au ningesema ndiyo, nikamweleza na maji ya moto. Mama yule ana binti watatu walioolewa, angeweza kuelewa. Lakini hapo ningekuwa nimekiri kwamba sikubuni kitu, na jioni hiyo hiyo habari ingemfikia Elisaria, ambaye alikuwa anamwambia kila mtu kikundini, kwa siri asiyoweza kuitunza, kwamba mke wake ana kipaji. Kwa hiyo nilinyamaza. Nilitazama ndala zangu. Mama Candida akasema, "Basi, mama, nimekuelewa," akarudi kwenye foleni. Aliyoelewa ni yale ya jukwaani. Wiki mbili baadaye ulipata barua yako.

Hiyo ndiyo sababu uliyoniuliza. Haikuwa kabila lako, wala umri wako, wala yale uliyojilaumu kwa kurasa tatu. Nilisoma kurasa zile nikijua, nikakuandikia kwamba Mungu ana mipango yake.

Ungeweza kuniuliza kwa nini ninasema leo. Ningependa kukuambia ni dhamiri. Ni gazeti.

Mwishoni mwa mwezi wa tisa, gazeti bado halijatoka na mchezo ule ukirudiwa, Ndugu Aristides mwenyewe alikuja ukumbini. Alicheka mpaka akavua miwani kuifuta. Mchezo ulipokwisha alimfuata Elisaria, akamwambia katika miaka sita ya kuchora hajawahi kuona springi nzuri kama ile, na kwamba anamtaka mwanamke yule kwenye gazeti, apande lori, asafiri na Chande miezi na miezi. Elisaria alinishika mkono akanitoa nyuma, mbele ya kikundi kizima, akasema, "Usinishukuru mimi. Mwandishi ni huyu hapa." Wakanipigia makofi. Dada, mume wangu alikuwa na machozi. Aristides akatoa penseli, akaniuliza mwanamke yule namwonaje, ana sura gani. Nami nikamwambia. Nilimwambia mwanya wa mbele, nikamwambia kilemba kinafungwa upande, nikamwambia anatembea kama anayehesabu hatua. Sijui kwa nini sikusema sura nyingine. Kwa kweli najua. Nilikuwa nimependezwa, na hiyo ndiyo sura iliyokuja.

Karatasi zimepatikana. Ijumaa Elisaria alileta nakala ya kwanza imefungwa kwa kitambaa kama mtoto mchanga. Kurasa nne, na wewe umo katika tatu. Ni wewe hasa, dada, mpaka unavyokunja midomo ukiwa umechoka. Mkono wa kushoto umechorwa mkubwa kuliko ulivyo, ili kovu lionekane vizuri. Chini wameandika maneno yangu. Jana asubuhi nilikwenda kwa Aristides nikamwomba aliondoe toleo hili, nikasingizia kwamba nimegundua kasoro. Alinicheka kwa upole, akasema mtambo umeshamaliza, mizigo inaondoka Jumanne, ya kusini itafika Songea wiki inayofuata, na nisiogope, waandishi wapya wote huona haya.

Barua hii inaondoka kesho na basi. Nimefanya hesabu ya siku, inatakiwa ikufikie kabla watoto wa darasa lako hawajalifungua gazeti chini ya madawati.

Sijakwenda kwa Mama Candida kumweleza habari ya maji ya moto. Nimejiambia ni kwa sababu siri hiyo ni yako, nimekwisha kuitoa mara moja bila kukuuliza, na sitaitoa tena. Hilo ni kweli. Ni kweli pia kwamba naogopa. Ukiniandikia neno moja tu, "Sema", nitakwenda kwake, na kwa Aristides kabla hajachora mwezi ujao, na nitamwambia Elisaria kabla ya wote wawili, nione kama bado atawasha jiko. Usiponiandikia kitu nitajua ndilo jibu, wala sitamtuma Mama akubembeleze. Sikuombi unisamehe. Nimejaribu kuiandika sentensi hiyo mara tatu na kila mara inasomeka kama maneno ya Sitara.

Wasalimie Baba na Mama, uwaambie sijambo. Msalimie na mwalimu mwenzako wa chumba cha pili. Bi Zamzam anakusalimu, bado anakusifia kwa kusuka.

Elisaria ametoka ndani sasa hivi, ameniuliza namwandikia nani tangu asubuhi. Nimemwambia ni wewe. Amefurahi, anakuamkia shikamoo nyingi. Anasema nikukumbushe, Dada Paskalina, gazeti likifika Songea ulinunue mapema kabla halijaisha, ukurasa wa tatu utacheka mpaka ulie.

Ni mimi mdogo wako,
Hyasinta